Laini jirani zinapoingiliana: njia nne za kupunguza mwingiliano kwenye intaneti ya waya

Mtandao wa intaneti unaopita kwenye nyaya za simu una tabia moja inayowachosha wanaousimamia. Laini moja ikiwashwa peke yake inakwenda vizuri, lakini zikiwashwa laini arobaini zilizomo ndani ya kebo ileile, kila moja hupoteza sehemu ya kasi yake, na baadhi huanza kukatika jioni watu wanaporudi nyumbani. Mara nyingi hakuna kifaa kilichoharibika. Mkondo unaopita kwenye jozi moja ya waya huamsha mkondo mdogo kwenye jozi iliyo kando yake, na modemu ya jirani huupokea mkondo huo kama kelele.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetakiwa kuamua: msimamizi wa mtandao wa chuo au hospitali yenye majengo yaliyotawanyika, mwenye kampuni ndogo ya intaneti, au mhandisi wa hoteli ya zamani ambayo kila chumba kina waya wa simu. Katika Afrika Mashariki nyumba nyingi hazikuwahi kufikiwa na waya wa simu, na tangu nyaya za baharini zilipotua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, kampuni nyingi zilikwenda moja kwa moja kwenye mitandao ya simu za mkononi na faiba. Kwa hiyo kwetu swali hili limebaki zaidi ndani ya majengo na taasisi. Ujerumani, Ubelgiji, Uingereza na Australia limekuwa swali la taifa zima, na huko ndiko njia nne zinazolinganishwa hapa zilikopimwa kwa mamilioni ya wateja.

Kwanza chanzo chenyewe. Waya mbili za kila jozi husokotwa pamoja ili usumbufu unaoingia kwenye waya mmoja uingie pia kwenye mwenzake, na modemu, inayosoma tofauti kati ya waya hizo mbili, iufute. Jozi zinazokaa pamoja husokotwa kwa urefu wa msokoto unaotofautiana ili zisilandane. Hila hii ilitosha kabisa enzi za simu ya sauti. ADSL2+, teknolojia ya kupitisha intaneti kwenye waya wa simu, ilipopanda hadi masafa ya megahezi 2.2, mwingiliano ulianza kuonekana. VDSL2, teknolojia ya kasi zaidi iliyoifuata, ilipopanda hadi megahezi 17.6, ukawa ndio kikwazo kikuu kwenye laini fupi, kwa sababu kadiri masafa yanavyopanda ndivyo jozi zinavyozidi kuvujishiana mawimbi.

Kuna mwingiliano wa upande wa karibu, ambapo kifaa kinachotuma humsumbua mpokeaji aliye upande uleule wa kebo, na mwingiliano wa upande wa mbali, ambapo mawimbi husafiri na kebo hadi mwisho na kumfikia mpokeaji wa huko. VDSL2 iliukwepa wa kwanza kwa kutenga masafa ya kupakua na ya kupakia. Wa pili ndio uliobaki, na ndio unaopiganwa na sehemu kubwa ya yanayofuata.

Vigezo

Njia zote nne zimepimwa kwa maswali yaleyale. La kwanza ni nani anazidhibiti laini zote zilizomo ndani ya kebo. Nimeliweka mbele kwa makusudi, kwa sababu wauzaji wa vifaa hulitaja mwishoni, ilhali ndilo linaloamua kama njia fulani inawezekana kabla hata ya kuuliza bei. La pili ni umbali kutoka kifaa cha mtoa huduma hadi kwa mteja, pamoja na kasi inayoweza kufikiwa kwa umbali huo. La tatu ni vifaa vinavyohitajika na umeme wa kuviendesha. La nne ni uthabiti na matengenezo ya kila siku. Mwisho wa kila njia panaelezwa inamfaa nani.

Kabla ya kuchagua, fungua viungio

Hakuna njia kati ya tatu za kwanza itakayofanya kazi vizuri juu ya waya ulioungwa vibaya, na kosa linaloumiza kuliko yote ni lile lisiloonekana kwa vipimo vya kawaida. Fundi anafungua kisanduku cha kuungia. Kwenye mpangilio wa rangi wa kebo za jozi 25, jozi ya kwanza ni nyeupe na buluu, ya pili ni nyeupe na rangi ya chungwa, na kuendelea. Akifungua msokoto urefu wa kiganja ili apate nafasi ya kushika, waya nyeupe za jozi tofauti hazitambulikani tena, na ni rahisi kuunga nyeupe ya jozi ya pili pamoja na buluu ya jozi ya kwanza. Kosa hilohilo likirudiwa upande wa pili, multimita itaonyesha kwamba waya zote zimefika na simu italia kama kawaida. Lakini kuanzia hapo laini moja inasafiri ndani ya jozi mbili tofauti, kinga ya msokoto imepotea, na laini hizo mbili zitasumbuana kuliko jozi nyingine zozote kwenye kebo hiyo. Tawi la waya lililokatwa na kuachwa likining'inia nalo hurudisha mwangwi na kumeza baadhi ya masafa. Kifaa kinachotuma pigo na kupima mwangwi wake huonyesha makosa ya aina zote mbili na umbali yalipo. Kazi hii haina mvuto, lakini ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na anayenunua vifaa vipya kabla ya kuifanya atakuwa ananunua vifaa vya kupima makosa ya fundi aliyepita.

Njia ya kwanza: kuratibu nguvu na masafa

Namna inavyofanya kazi. Kila laini huwekewa kikomo cha nguvu inayoruhusiwa kutuma katika kila sehemu ya masafa. Mfano ulio wazi zaidi ni wa upakiaji. Mteja aliye mita 100 kutoka kwenye kabati la mtaani, yaani sanduku lenye vifaa vya mtoa huduma, na mwingine aliye mita 800 wakituma kwa nguvu sawa, mawimbi ya wa kwanza yanafika yakiwa bado na nguvu nyingi na kumzamisha wa pili, kama muuzaji aliyesimama mlangoni kwako anayenadi kwa sauti ileile ya mwenzake aliye ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo modemu ya karibu huamriwa ipunguze nguvu. Vivyo hivyo, kabati jipya la VDSL2 linapowekwa mtaani ambako bado kuna ADSL inayotoka kituo cha simu cha mbali, kabati hupunguza nguvu katika masafa ya chini ili lisiiue ADSL inayofika pale ikiwa imechoka.

Hatua iliyo juu ya hapo ni kuiacha mitambo yenyewe itafute mgawanyo bora. John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa waasisi wa ADSL, pamoja na wanafunzi wake, walionyesha mwaka 2002 kwamba kila laini ikielekeza nguvu zake kwenye masafa yenye kelele ndogo, kisha jirani akafanya hivyohivyo, na zoezi likarudiwa, laini zote hufikia utulivu ambao ni bora kuliko kila moja kutuma kwa nguvu ya juu iliyoruhusiwa.

Udhibiti. Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine za shaba. Haidai mmiliki mmoja. Kampuni kadhaa zinaweza kutumia kebo moja mradi zote zifuate mpango mmoja wa masafa, kama Uingereza ilivyofanya kwa mpango wake wa kitaifa unaoeleza nani atume nini kutoka wapi.

Umbali na kasi. Haiondoi mwingiliano, huugawa kwa haki. Aliye karibu hupoteza kidogo ili aliye mbali apate cha maana. Faida yake huonekana kwenye mitandao yenye laini za urefu tofauti sana, na kwa laini zinazozidi kilomita moja ndiyo karibu njia pekee yenye maana bila kuhamisha vifaa.

Vifaa na umeme. DSLAM nyingi za VDSL2, yaani mitambo inayokusanya laini za wateja, tayari zina mipangilio hii. Gharama ni muda wa mtu anayejua kuipanga, na huyo ndiye adimu.

Uthabiti. Ni mzuri sana. Laini ikiwekewa akiba ya desibeli 6 juu ya kelele, ambacho ni kiwango cha kawaida, na isipokimbizwa hadi ukingoni, huweza kukaa wiki nyingi bila kukatika.

Inamfaa anayeshiriki kebo na wengine, mwenye mchanganyiko wa ADSL na VDSL2, na yule ambaye malalamiko ya wateja wake ni kukatika zaidi kuliko kasi.

Njia ya pili: vektaringi

Namna inavyofanya kazi. Badala ya kupunguza sauti ya kila laini, vektaringi hukokotoa kelele ambayo kila laini itampelekea jirani yake na kuifuta. DSLAM inajua inachotuma kwenye laini zote, kwa hiyo ikishajua pia ni kiasi gani cha mawimbi ya laini namba 7 huvuja kwenda namba 12, inaongeza kwenye namba 12 wimbi la kinyume, ili kelele ikifika kwa mteja iwe imejifuta. Katika upakiaji hufanya kazi hiyo baada ya kupokea, kwa sababu modemu za wateja haziwezi kushauriana. Wazo hili lilielezwa kitaalamu na Cioffi na mwenzake Ginis mwaka 2002, na shirika la viwango la ITU likaliidhinisha mwaka 2010 kwa jina la G.993.5.

Ili kujua nani anamvujia nani, kila laini hupewa mfuatano wake wa alama za majaribio, zinazotumwa katika wakati maalumu unaojirudia takriban kila milisekunde 64. Modemu ya mteja hupima kosa lililojitokeza na kulirudisha kwa DSLAM, nayo hukokotoa upya. Kazi hii ni nzito. Kwa laini 100 kuna mahusiano 10,000 ya laini kwa laini, katika vipande vya masafa vipatavyo 4,000, mara 4,000 kwa sekunde; hesabu hiyo hutoa uzidishaji upatao bilioni 160 kila sekunde. Ukiongeza laini maradufu, kazi huongezeka mara nne. Ndiyo maana DSLAM ya vektaringi ni ghali, na ndiyo maana kabla ya kununua ni lazima kuuliza inamudu laini ngapi katika kundi moja, badala ya kuuliza tu ina milango mingapi.

Udhibiti. Hapa ndipo wengi hukwama. Kinachofutwa ni kelele ya laini zilizomo ndani ya kundi la mtambo mmoja. Laini chache tu za mshindani zilizounganishwa kwenye mtambo wake mwenyewe, ndani ya kebo ileile, zinatosha kula sehemu kubwa ya faida, maana mtambo wako haujui mtambo wa jirani unatuma nini. Ujerumani jambo hili lilikuwa mzozo wa miaka. Mwaka 2013 mamlaka ya udhibiti, Bundesnetzagentur, iliiruhusu Deutsche Telekom, kampuni kubwa ya simu ya huko, kuwanyima washindani laini za shaba kwenye makabati ambako vektaringi imewekwa, kwa masharti, na washindani nao wakaruhusiwa kuwa wa kwanza kuiweka mahali ambapo Telekom haijafika. Mwaka 2016 uamuzi mwingine ukahusu laini zilizo ndani ya mita 550 kutoka vituo vya simu. Walioupinga walisema kwamba ukiritimba umerudishwa kwa mlango wa fizikia, na kwa maoni yangu hawakukosea sana, ingawa fizikia yenyewe haikudanganya.

Umbali na kasi. Wateja wa Ujerumani waliokuwa wakiuziwa megabiti 50 kwa sekunde kwa VDSL2 waliuziwa 100 kwa vektaringi juu ya waya uleule. Toleo linalopanda hadi megahezi 35, lililoanza kuuzwa huko mwaka 2018, lilifikisha 250. Lakini ahadi hizo ni za mita mia chache. Laini ikifika kilomita moja, masafa ya juu yameshadhoofika kiasi kwamba hakuna cha kuokoa, na kufuta kelele ya jirani hakumrudishii mteja mawimbi yaliyopotea njiani.

Vifaa na umeme. Modemu zote kwenye kundi zinapaswa kuielewa vektaringi. Modemu ya zamani isiyoielewa humchafulia kila mtu, kwa hiyo watoa huduma wengi huifungia kwenye masafa ya chini, na mwenye modemu hiyo hupata kasi ya enzi za ADSL akidhani ameonewa. Kabati nalo linahitaji umeme muda wote, pamoja na betri ya akiba.

Uthabiti. Mteja anapochomoa waya wake ghafla, hali ya umeme ndani ya kebo hubadilika na hesabu za mtambo hupitwa na wakati hadi zirekebishwe. Laini mpya inapojiunga, mtambo huipima kwanza kabla ya kuiruhusu itume kwa nguvu kamili, kwa hiyo kuwaka huchukua muda zaidi. Tena vektaringi ikishaondoa kelele ya majirani, kelele iliyokuwa imefichwa chini yake hujitokeza: redio za masafa ya kati, chaja za bei rahisi, taa, mota ya pampu. Hizo haziwezi kufutwa na njia hii. Fundi anayeiona laini ikipiga megabiti 95 asubuhi na 60 usiku asikimbilie kulaumu mtambo.

Inamfaa mwenye laini zote za kebo mikononi mwake, wateja wake wakiwa ndani ya mita mia chache, waya zikiwa nzima, na asiye na fedha au ruhusa ya kuchimba barabara kwa sasa.

Njia ya tatu: G.fast

Namna inavyofanya kazi. ITU iliidhinisha kiwango cha G.9701, ambacho ndicho G.fast, mwezi Desemba 2014. Wazo lake ni kusogeza faiba hadi nguzoni, kwenye shimo la nyaya lililo barabarani au chumba cha chini cha jengo, kisha kutumia mita chache za mwisho za shaba kwa masafa yanayofika megahezi 106, na baadaye 212. Kwenye masafa hayo mwingiliano ni mkubwa kiasi kwamba vektaringi si nyongeza ya hiari kama ilivyo kwa VDSL2, ni sehemu ya lazima ya mfumo.

Udhibiti. Ni mkali kuliko wa njia ya pili. G.fast haitenganishi masafa ya kupakua na kupakia, hutenganisha muda: kwa kitambo laini zote zinatuma, kitambo kingine zote zinapokea. Laini moja ikituma wakati wenzake wanapokea, mwingiliano wa upande wa karibu ambao VDSL2 iliukwepa unarudi wote. Kwa hiyo mitambo miwili isiyosawazishwa ndani ya kebo moja haivumiliwi. Na kama kebo bado ina VDSL2, G.fast hulazimika kuanzia juu ya masafa ya VDSL2 na kuyaacha yale ya chini, ambayo ndiyo yanayofika mbali.

Umbali na kasi. Malengo yaliyowekwa wakati wa kuandaa kiwango hicho yanasema yenyewe: megabiti 500 kwa sekunde kwa mita 100, 200 kwa mita 200, na 150 kwa mita 250, kupakua na kupakia vikijumlishwa. Laini fupi sana zinaweza kukaribia gigabiti 1. Swisscom ya Uswisi ilianza kuiuza mwaka 2016 kutoka vifaa vidogo vilivyo karibu na nyumba. Uingereza ilikwenda njia tofauti, ikaining'iniza G.fast kwenye makabati yaliyokuwepo, kwa hiyo waliofaidi ni walioishi jirani na kabati, na mkazo ukahamia kwenye faiba hadi nyumbani.

Vifaa na umeme. Vifaa vidogo vingi vinahitaji sehemu nyingi za kupata umeme. Kuna mpangilio wa kifaa cha nguzoni kulishwa umeme kutoka kwa wateja wenyewe kupitia waya wa simu, na ni wazo zuri mahali ambapo umeme haukatiki. Mahali penye mgao wa umeme, kifaa kinachotegemea soketi za wateja kitazimika pamoja na mtaa. Ndani ya hoteli yenye jenereta, shida hiyo haipo.

Uthabiti. Ni ule wa vektaringi, ila kila kosa la kuunga waya linaonekana mara nyingi zaidi, na viungio vilivyoshika kutu huadhibiwa vikali.

Inamfaa mwenye jengo la ghorofa au hoteli ambapo kuchimba kuta ni marufuku au ni ghali, kwa mfano nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinazolindwa kama urithi. Kama umbali hauzidi mita 100 na kuna bomba la kupitishia waya, kebo ya kawaida ya Ethernet, na swichi, itamaliza kazi kwa bei ndogo zaidi, na mazungumzo yote haya hayatakuwa na haja.

Njia ya nne: faiba hadi kwa mteja

Namna inavyofanya kazi. Mwanga ndani ya uzi wa kioo haumwamshi jirani. Mwingiliano wa umeme unaoleta shida zote zilizotangulia haupo, hata nyuzi mia zikilala ndani ya kebo moja. Mifumo mingi hugawa uzi mmoja kwa nyumba 32 au 64 kupitia kigawanya mwanga kisichohitaji umeme. Katika GPON, mmoja wa mifumo hiyo, mtambo hutuma kwa urefu mmoja wa mawimbi ya mwanga na wateja hujibu kwa urefu mwingine, kila mteja kwa zamu yake.

Udhibiti. Wamiliki wawili wanaweza kupitisha kebo zao kwenye mtaro mmoja bila kusumbuana. Ugomvi unaobaki ni wa nafasi ndani ya mtaro au juu ya nguzo, na anayejua nguzo za mitaa ya Nairobi anafahamu kwamba ugomvi huo si mdogo.

Umbali na kasi. Kilomita 20 ni za kawaida. GPON hubeba takriban gigabiti 2.5 za kupakua na 1.25 za kupakia kwa kundi zima. Wateja 32 wakivuta wote kwa wakati mmoja, kila mmoja hupata megabiti zipatazo 78. XGS-PON, mfumo mpya zaidi wa aina hiyo, hubeba gigabiti 10 kila upande na inaweza kukaa kwenye uzi uleule wa GPON. Jirani basi hajaondoka kabisa: amehama kutoka kwenye kelele akaenda kwenye foleni.

Vifaa na umeme. Gharama kubwa ni kazi ya kuchimba, kupandisha nguzo na kuingia nyumbani kwa mtu. Kwa upande mwingine, kati ya kituo na nyumba hakuna kifaa kinachohitaji umeme, jambo ambalo katika nchi zenye umeme wa kusuasua lina thamani kuliko linavyopewa kwenye vipeperushi vya Ulaya. Mteja mwenye betri ndogo anabaki hewani hata mtaa mzima ukiwa gizani. Na wezi wa shaba hawana soko la vioo, ingawa hukata kwanza ndipo wagundue.

Uthabiti. Ni bora kuliko njia zote za shaba, kwa kasoro moja inayostahili kutajwa hapa. Kifaa cha mteja kikiharibika na kuanza kuwasha mwanga nje ya zamu yake, kinaweza kuvuruga upakiaji wa kila mtu kwenye kigawanya mwanga kile. Ni mwingiliano wa majirani kwa sura mpya, na kumpata mhusika kunaweza kuhitaji kuchomoa mteja mmoja baada ya mwingine. Nje ya hapo, maradhi ya kawaida ni ncha chafu na uzi uliopindwa kupita kiasi nyuma ya kabati la nguo.

Inamfaa anayejenga upya, anayepanga kwa miaka ishirini, na yeyote ambaye shaba yake imeibwa au imeoza kiasi kwamba kuitengeneza kunakaribia gharama ya kuibadilisha.

Kwa hali yako

Kama unasimamia chuo au hospitali yenye kebo ya shaba ya chini ya ardhi kati ya majengo, pima kwanza kama mtaro una nafasi. Mara nyingi jibu bora ni mchanganyiko: faiba hadi kila jengo, na shaba iliyopo ndani ya jengo iendelee kwa VDSL2 yenye vektaringi au kwa G.fast, kwa sababu umbali umeshakuwa mfupi na laini zote ni zako. Hapo fedha za kuvuta faiba hadi kila chumba zinaweza kusubiri bajeti nyingine.

Kama kebo unaigawana na kampuni nyingine, usinunue vektaringi kabla ya makubaliano ya maandishi kuhusu nani ataendesha mtambo na nani atauziwa huduma juu yake. Makubaliano yakishindikana, uratibu wa nguvu na masafa utakupa kidogo lakini cha uhakika.

Kama wateja wako wako zaidi ya kilomita moja, mwambie wazi anayekuuzia vektaringi akuonyeshe kasi kwa umbali huo. Kusogeza DSLAM karibu nao kwa faiba kutawasaidia kuliko ufutaji wowote wa kelele, mradi mahali papya pana umeme na ulinzi.

Kama una hoteli ya vyumba hamsini na waya za simu bado nzima, omba mtambo wa G.fast wa kujaribu kwenye ghorofa moja yenye waya mbaya kuliko zote, laini zote zikiwa zimewashwa kwa pamoja. Jaribio la laini moja halina maana yoyote katika suala hili.

Na kama wewe ni mteja tu, tuseme unaishi Cologne au Brussels na intaneti yako inapita kwenye waya wa simu, mbinu hizi zote ziko mikononi mwa kampuni. Kilicho mikononi mwako ni waya wa ndani: chomeka modemu kwenye soketi ya kwanza inayoingia nyumbani, ng'oa waya za ziada zinazokwenda kwenye soketi za vyumba visivyotumika, weka chaja na adapta mbali na modemu, na uiulize kampuni kama modemu yako inaielewa vektaringi kabla hujalipia kifurushi cha kasi ya juu zaidi.